Waya wa Tatu

Kama pasi ya umeme iko karibu nawe, naomba uitazame plagi yake wakati ninazungumza. Itazame tu, usiichomeke. Ina miguu mitatu: miwili mifupi imekaa sambamba, na mmoja mrefu na mnene zaidi umesimama peke yake. Umewahi kujiuliza ule mrefu una kazi gani? Juzi niliwauliza swali hilo vijana watano wa mtaani kwetu. Wawili walisema ni wa kuishikilia plagi isianguke. Mmoja alisema ni wa kufungulia vitundu. Wawili walicheka tu.

Yule wa vitundu alikuwa amepata nusu ya jibu. Ndani ya soketi hizi tulizozirithi kwa Waingereza, za ampea 13, mna vizibo vidogo vinavyofunika matundu mawili yenye umeme. Mguu mrefu huingia kwanza, ukavisukuma vizibo, ndipo ile miguu mifupi ikapata nafasi. Mtoto anayechokonoa soketi kwa msumari hafiki penye moto. Ni ufundi wa busara sana. Lakini sisi tumeufanyia nini ufundi huo? Tumejifunza kuchukua kijiti au kifuniko cha kalamu, tukakisokomeza katika tundu la juu, vizibo vikafunguka, halafu tukaingiza plagi ya miguu miwili ya chaja au ya redio. Na watoto wetu wanatazama. Mtoto wa miaka minne aliyemwona baba yake akifanya hivyo mara tatu hahitaji mara ya nne. Plagi za kubadilishia miguu zinauzwa kila duka la vifaa vya umeme, na bei yake ni ndogo, sioni udhuru.

Nusu ya pili ya jibu ndiyo iliyonileta hapa leo. Mguu ule mrefu ni mlango wa waya wa tatu, waya wa kijani wenye mstari wa njano, ambao mafundi wetu huuita waya wa ethi, yaani waya wa kwenda ardhini. Nyaya mbili nyingine zina kazi kila dakika: mmoja unaleta umeme, wa pili unaurudisha. Wa tatu hauna kazi. Unaweza kukaa miaka ishirini bila kupitisha chochote, na hapo ndipo balaa linapoanzia, kwa maana binadamu akiona kitu hakifanyi kazi hukiona ni hasara. Fundi akitaka kumpunguzia mwenye nyumba gharama, waya anaouacha ni huo. Mwenye pasi akikuta ekstensheni yake ina matundu mawili tu, mguu anaoukata ni huo. Na katika hali zote hizo taa zinawaka, friji linapoza, redio inaimba. Nyumba isiyo na waya wa tatu haina tofauti yoyote na nyumba iliyo nao, mpaka ile siku.

Siku gani? Lichukueni friji. Nje limezungukwa na bati. Ndani mna mota, nayo mota huunguruma na kutikisika mchana na usiku. Miaka ikipita, waya wa moto hujisugua mahali fulani, au panya akautafuna, gamba lake la plastiki likatoka, shaba ikagusa bati. Tangu dakika hiyo bati lote la friji lina volti 230, sawasawa na tundu la soketi. Friji halisemi kitu. Linaendelea kupoza maji yako. Kama waya wa tatu upo na ni mzima, umeme ule unaukimbilia kwenda ardhini, na vifaa vya kinga vikiwa sawa unazimika hapo hapo. Unabaki ukinung'unika kwamba friji limeharibika. Kama haupo, umeme unasubiri. Unamsubiri mtu atakayekuja peku, ametoka kuoga au kufua, sakafu ya saruji ina majimaji, akalishika lile bati. Hapo njia ya kwenda ardhini ni yeye.

Nataka niondoe dhana moja ambayo nimeisikia hata kwa watu wasomi, kwamba fyuzi itamwokoa mtu huyo. Haitamwokoa. Miliampea moja ni ampea moja iliyogawanywa mara elfu. Umeme wa miliampea 30 ukipita kifuani unatosha kuutia moyo hatarini. Fyuzi ya ampea 13 iliyomo ndani ya plagi inakubali kupitisha zaidi ya mara 400 ya kiasi hicho bila kukatika. Fyuzi iliwekwa ili waya usiungue. Mtu hayumo katika hesabu yake.

Sasa sisi tunaokaa mwambao, kuanzia Tanga mpaka Mtwara, tuna jambo la ziada la kuliangalia. Waya wa tatu huishia kwenye fimbo ya shaba, au ya chuma iliyovishwa shaba, iliyopigiliwa ardhini nje ya nyumba. Mchanga wetu wakati wa kiangazi ni mkavu kama unga, na mchanga mkavu haupitishi umeme vizuri. Tuseme njia ya fimbo yako ina ukinzani wa omu 50, jambo ambalo katika mchanga si ajabu hata kidogo. Gawanya volti 230 kwa 50. Utapata ampea 4.6. Fyuzi ya ampea 15 itaziona ampea hizo nne na nusu zikipita wala haitashtuka. Kwa hiyo fimbo ipo, waya upo, fundi amelipwa, na bati la friji bado lina umeme wa kuua. Mafundi wa zamani hujaribu kuponya udhaifu huo kwa kuchimba shimo, wakaweka mkaa na chumvi na kumwagia maji. Inasaidia, sikatai. Ila chumvi hiyo hiyo huila fimbo na kile kishikizo chake, na baada ya miaka michache unakuta waya umening'inia ukutani, haukushika kitu. Na wako pia wanaoupitia usiku, wakaukata na kuupeleka kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Wewe mara ya mwisho ulikwenda lini nyuma ya nyumba yako kutazama kama fimbo na waya bado vimeshikana?

Dawa ya mambo haya ipo, na mafundi huiita kwa herufi tatu, RCD. Ni kifaa kinachofungwa pale kwenye ubao wa swichi kubwa. Kazi yake ni kama ya mwalimu wa zamu aliyesimama langoni akihesabu watoto. Umeme unaokwenda ndani ya nyumba kwa waya mmoja unapaswa kurudi wote kwa waya wa pili. Wakitoka watoto arobaini na kurudi thelathini na tisa, mwalimu haulizi yule mmoja amekwenda wapi, anafunga lango. Kifaa kilichoandikwa miliampea 30 kikiona pengo la kiasi hicho kati ya umeme uliokwenda na uliorudi, hukata umeme wa nyumba katika sehemu ndogo ya sekunde moja. Hata zile ampea 4.6 zinazopotelea mchangani, ambazo fyuzi ilizidharau, kwake ni wizi mkubwa.

Lakini na chenyewe kina mipaka yake. Ukishika waya wa moto kwa mkono huu na waya wa kurudi kwa mkono ule, huku umesimama juu ya kitu kisichopitisha umeme, kifaa kinakuhesabu wewe kama pasi au balbu, kwa sababu kila kilichokwenda kimerudi. Tena kinachakaa. Ndiyo maana kina kitufe kidogo kilichoandikwa herufi T. Ukikibonyeza, lazima umeme ukatike papo hapo. Usipokatika, kifaa hicho ni pambo la ukutani. Nimetembelea nyumba kadhaa za watu wenye uwezo, nikaomba ruhusa ya kukibonyeza kitufe hicho, na jibu nililolipata mara nyingi ni hili: "Usikiguse, mzee, utatuharibia umeme." Kifaa kinachokaa miaka kumi bila kujaribiwa hakina dhamana. Kibonyeze kila mwisho wa mwezi, siku ile unaponunua LUKU, utazoea.

Nina kisa kimoja kinachohusu jambo hili, na sitataja mtaa wala majina. Palikuwa na nyumba ya kupanga ya vyumba sita na ua mmoja, bati la zamani, kamba ya kuanikia nguo ya waya wa chuma imefungwa kwenye papi la bati upande mmoja na kwenye mwembe upande wa pili. Masika ilipoanza mtoto mmoja wa darasa la pili akawa anakataa kwenda kuanua nguo. Akiulizwa anasema kamba inauma. Wakubwa walicheka, wakasema mvivu. Mama mmoja mpangaji, muuza maandazi, ndiye pekee aliyemwamini. Aliazima testa kwa kijana wa jirani, wakaigusisha kwenye kamba, na taa ya testa ikawaka. Umeme ulikuwa umeshika bati zima la nyumba. Waya uliopita juu ya dari ulikuwa umetafunwa na panya, ukalalia msumari wa bati, na maji ya mvua yakafanya mengine.

Mwenye nyumba alipopigiwa simu alisema: "Hamisheni kamba." Basi. Mama yule hakukubali. Alizima swichi kubwa, wapangaji wakalala gizani siku mbili wakimlaumu kwa sababu ya friji na televisheni, akachangisha, akaleta fundi mwenye leseni, waya ukabadilishwa na fimbo ya ardhini ikapigiliwa, maana haikuwapo kabisa. Mwisho wa mwezi alipokata gharama hizo katika kodi yake, alipewa notisi. Alikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, wakasuluhishwa kwa maneno matamu, na baada ya miezi mitatu akahama kweli. Kamba siku hizi ni ya katani. Wapangaji wa sasa hawajui habari hizo.

Ninalisema hili kwa sababu mazungumzo yetu kuhusu usalama wa umeme hupenda kumwambia mwananchi awe mwangalifu, kana kwamba kila mwananchi anaishi katika nyumba yake. Katika miji yetu watu wengi sana ni wapangaji. Mpangaji anaweza kuacha kusokomeza vijiti katika soketi, lakini hawezi kupanda darini kwa mtu mwingine na kubadilisha nyaya. Je, ni nani anayepanda? TANESCO hukagua nyumba kabla ya kuiunganishia umeme, na hilo ni jema. Baada ya hapo nyumba huota matawi. Kinaongezwa chumba cha uani, kibanda cha duka mbele, banda la kuku lenye balbu ya kupasha joto vifaranga, vyote vikiungwa kwenye ule waya ule uliokaguliwa kwa ajili ya vyumba vitatu. Viungo vimefungwa kwa tepu nyeusi, na tepu yenyewe imebanduka kwa joto la bati. Cheti cha ukaguzi kikingali kabatini, ila nyumba kilichoikagua haipo tena.

Huko England, nchi ambayo soketi hizi zilitoka, tangu mwaka 2020 sheria inamtaka mwenye nyumba ya kupangisha kumwita mtaalamu aukague mfumo wa umeme angalau kila baada ya miaka mitano na kumpa mpangaji nakala ya taarifa. Nafahamu kwamba huku kwetu mambo ni mengine na fedha ni nyingine. Hata hivyo sioni kwa nini mkataba wa pango, ambao tayari una vifungu kumi na viwili kuhusu kelele, wageni na kufuga paka, usiwe na kifungu kimoja kinachosema nani anawajibika kwa nyaya zilizo darini. Bei ya RCD haifikii kodi ya mwezi mmoja ya nyumba ile ya vyumba sita. Mwenye nyumba anayelia kwamba hana uwezo huo, mimi binafsi simwamini.

Niharakishe kidogo, muda unakimbia. Kuhusu kuunguza nyaya, hesabu ni rahisi. Zidisha volti 230 kwa ampea 13, utapata wati 2,990. Tuseme 3,000. Hicho ndicho kikomo cha soketi moja, pamoja na ekstensheni yoyote inayotoka humo hata ingekuwa na matundu manane. Birika la umeme la wati 2,000 na pasi ya wati 1,200 kwa pamoja vimekwisha vuka. Na joto la waya halipandi polepole: umeme ukiongezeka mara mbili, joto linaongezeka mara nne. Ekstensheni iliyoviringwa kama nyoka chini ya kitanda ni mbaya zaidi, kwa sababu joto halina pa kutokea. Nyumba zenye fyuzi za zamani za kufunga waya zina alama zake za rangi, nyeupe kwa ampea 5 za taa, buluu kwa 15, nyekundu kwa 30 za jiko. Waya wa fyuzi ukikatika mara kwa mara, kuna jambo unaambiwa. Anayeweka kipande cha waya wa kawaida, au msumari, amemnyamazisha mlinzi. Msumari hautakatika. Kitakachokatika ni waya ulio ndani ya ukuta au juu ya mbao za kenchi, nao hauzimiki kimya kimya.

Tumia pua na mikono. Soketi iliyogeuka rangi ya kahawia, plagi ambayo ukiichomoa ina joto lisilo la kawaida, swichi inayotoa mlio kama wa kukaanga, au harufu inayofanana na ya samaki chumbani wakati hakuna aliyepika samaki: mara nyingi hiyo ni plastiki inayoungua polepole kwa sababu skrubu ya waya imelegea. Zima swichi kubwa kwanza, ndipo umtafute fundi.

Na fundi mwenyewe? Mimi sina ugomvi na vijana wanaokaa kwenye vijiwe na kibao cha kadibodi kilichoandikwa "fundi umeme". Wengine wana mikono ya dhahabu. Lakini EWURA inatoa leseni za mafundi wa umeme kwa madaraja, na leseni ni karatasi ambayo mtu anaweza kuitoa mfukoni. Muombe aioneshe. Aliye nayo hatakasirika. Kisha muulize swali moja la rangi, maana rangi zimekwisha waua watu. Katika nyumba za zamani nyekundu ni waya wa moto, nyeusi ni wa kurudi, kijani ni wa ardhini. Katika utaratibu mpya kahawia ni moto, buluu ni wa kurudi. Ila penye umeme wa njia tatu, buluu ya zamani ilikuwa moto, na nyeusi ya utaratibu mpya ni moto. Kwa hiyo fundi anayekwambia "nyeusi haina neno, ishike tu" bila kwanza kupima, mshukuru kwa muda wake na umsindikize mpaka barabarani.

Barua ya msikilizaji mmoja kutoka Kigamboni iliuliza afanye nini akimkuta mtu amenaswa. Usimshike, hata awe mwanao. Zima swichi kubwa. Kama iko mbali, simama juu ya kitu kikavu, ubao au rundo la magazeti, umsukume aachane na waya kwa mti mkavu, si kwa bomba wala kitu chenye maji. Akiwa haonekani kupumua, anza kumsaidia pumzi na kumkandamiza kifua kama unajua namna, huku mwingine akiita msaada. Lakini hayo ni ya waya wa nyumbani tu. Waya wa nguzoni ukianguka, hakuna mti mkavu wala rundo la magazeti litakalokufaa. Kaa mbali, wazuie watu wasisogee, na waite TANESCO. Moto ulioanzia kwenye umeme usiumwagie maji. Namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114. Iandikeni kwa kalamu kwenye mlango wa ndani, simu huwa haina chaji siku kama hizo.

Juma lijalo, panapo majaliwa, nitajibu barua zenu nyingi kuhusu bili za maji katika nyumba za kupanga. Kwaherini.